Dhahabu ya Koloidi Inapoharibika: Utatuzi wa Matatizo ya Chembe Nano katika Maabara za Dar es Salaam

Mwongozo huu unahusu hitilafu zinazoripotiwa mara kwa mara na wanafunzi wa uzamili, mafundi sanifu maabara na watafiti wanaotengeneza chembe nano za dhahabu kwa ajili ya vipimo vya haraka vya magonjwa, upigaji picha wa seli na majaribio ya kupeleka dawa mwilini. Umepangwa kwa dalili, na chini ya kila dalili sababu zinaanzia ile inayotokea zaidi. Msimamo wa mwandishi ni kwamba sehemu kubwa ya hitilafu hizi hazina uhusiano wa pekee na nano. Zinatokana na maji, vyombo, chumvi na joto. Kwa hiyo atakayeanza kwa kulaumu kingamwili ya bei kubwa (protini inayobandikwa juu ya chembe ili ishike kinachotafutwa) kabla ya kukagua maji aliyooshea bika atatumia fedha nyingi bila kukikaribia chanzo.

Chombo cha kwanza cha uchunguzi ni jicho. Koloidi, yaani kimiminika ambamo chembe hizo zimetawanyika, ikiwa nzuri na yenye chembe za nanomita 15 hadi 20 ina wekundu wa juisi ya rozela iliyochujwa vizuri, na kwenye spektrofotomita, kifaa kinachopima mwanga unaofyonzwa, kilele chake huwa karibu na nanomita 520. Chembe za nanomita 40, zinazopendwa kwa vipimo vya utepe, kilele chake husogea kidogo tu mbele ya hapo. Chembe zikikaribiana na kushikamana, kilele hupanuka na kuelekea nanomita 600 na zaidi, na jicho huona zambarau, kisha bluu, kisha masizi meusi yanayotua chini. Mimina kidogo kwenye tyubu ya kioo safi na uitazame mbele ya karatasi nyeupe. Ukiona mashapo, tikisa polepole: yakitawanyika na wekundu ukarudi kamili, chembe zilikuwa zimetua tu kwa uzito wake, jambo la kawaida kwa zile kubwa, yasipotawanyika, zimeshikamana, na hakuna namna ya kuziachanisha inayostahili muda wako.

Dalili: sitrati imeongezwa, lakini wekundu haupatikani

Njia inayotumiwa na wengi ni ile ya Turkevich ya mwaka 1951, iliyoboreshwa na Frens mwaka 1973, ambapo chumvi ya dhahabu huchemshwa na sitrati ya sodiamu huongezwa kwa mkupuo mmoja. Kabla ya kutafuta kosa, hakikisha kweli kuna kosa. Myeyusho huanza na manjano hafifu, hupoteza rangi, huingia kijivu au bluu iliyokoza, hupita zambarau, na mwisho huwa mwekundu. Wapo wanaomwaga kazi nzuri katika hatua ya bluu kwa kudhani imeharibika. Acha ichemke kwa dakika 15 hadi 20 huku ikikorogwa kabla ya kutoa hukumu.

Ikiwa muda huo umepita na rangi bado ni ya manjano au haipo kabisa, sababu inayoongoza ni joto. Namba iliyo kwenye jiko la maabara ni joto la bamba, si la kimiminika, na umeme unapokuwa mdogo nyakati za jioni bamba halifiki mahali linapodai limefika. Tumia kipimajoto ndani ya chombo. Dar es Salaam iko usawa wa bahari na maji huchemka karibu na nyuzi 100 za Selsiasi, hivyo mtafiti aliyezoea Mbeya au Arusha, ambako maji huchemka mapema zaidi, asishangae mmenyuko kwenda kwa kasi tofauti hapa. Umeme ukikatika katikati ya mchemko, usisubiri urudi ili kuendeleza chombo kilekile, kwa maana chembe zilizokwisha kuanza zitakua kwa ukubwa usiolingana. Andika kwenye daftari na uanze upya.

Sababu ya pili ni sitrati iliyokaa. Myeyusho wa sitrati ni chakula cha ukungu, na katika joto la chumbani la jiji hili nyuzinyuzi nyeupe huonekana mapema kuliko vitabu vya nchi za baridi vinavyokadiria. Tengeneza mpya siku ya kazi, na uichuje.

Sababu ya tatu ni chumvi ya dhahabu yenyewe. Fuwele za asidi ya kloroauriki hufyonza unyevu wa hewa kwa pupa, na chupa inayofunguliwa kila wiki wakati wa masika huishia kuwa na uji wa rangi ya machungwa. Unapopima uzito wa uji huo unapima pia maji, na dhahabu unayoingiza huwa pungufu kuliko hesabu yako. Dawa yake ni kuyeyusha chupa nzima siku ya kwanza: gramu 1 ndani ya mililita 100 za maji safi hutoa akiba ya asilimia 1, ambayo hukaa kwenye chupa ya kioo cheusi ndani ya friji. Usiguse fuwele hizo kwa kijiko cha chuma. Chuma hugeuza ioni za dhahabu kuwa dhahabu papo hapo, kijiko kikaharibika na akiba ikachafuka. Inasikitisha kidogo kwamba nchi inayochimba dhahabu Geita huwa na maabara zinazosubiri gramu chache za chumvi ya dhahabu kutoka ng'ambo, lakini ndiyo hali, na ndiyo sababu chupa moja inastahili kutunzwa.

Dalili: rangi ni zambarau, bluu au nyeusi tangu mwanzo

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu, kwa kuwa ndiyo malalamiko yanayojirudia kuliko yote.

Anza na maji. Chembe za dhahabu zilizozungukwa na sitrati zina chaji hasi, na chaji hiyo ndiyo inayozitenga. Ioni za chumvi huifunika, chembe zikakaribiana na kushikamana. Maji ya bomba ya jiji, ambayo kwa sehemu kubwa hutoka Mto Ruvu, hayafai kwa kazi hii hata kwa suuza ya mwisho. Maji ya visima ni hatari zaidi, hasa katika maeneo yaliyo karibu na pwani ambako chumvi ya bahari huingia kwenye maji ya ardhini. Tatizo linalojificha ni kwamba maabara inaweza kuwa na mtambo wa kukeneka unaofanya kazi, lakini wiki ambayo bomba limekauka mtambo huo ukalishwa maji ya boza la kisima, na magadi yakajaa ndani yake hadi yakarukia upande wa maji safi. Mtu wa zamu hakukosea chochote. Maji yanaonekana meupe na safi.

Ukaguzi rahisi ni huu: weka mililita chache za maji hayo kwenye tyubu, dondoshea tone la myeyusho wa nitrati ya fedha, na utazame mbele ya kitu cheusi. Ukungu mweupe ni dalili ya kloridi, na maji hayo yasitumike. Ukiwa na kipima mkondo wa umeme katika maji, kitumie kila asubuhi na uandike namba ukutani. Maji bora ya maabara huwa na ukinzani wa megaohmu-sentimita 18.2 yanapotoka kwenye mashine, na huanza kushuka yakikaa wazi kwa sababu hufyonza hewa ya kaboni. Hilo si tatizo kubwa kwa dhahabu, ila yasilale kwenye dumu la plastiki kwa majuma.

Maji yakiwa salama, hamia kwenye vyombo. Mabaki ya sabuni, alama za vidole na tabaka jembamba la dhahabu ya jaribio lililopita huwa mahali ambapo chembe mpya huotea ovyo. Kagua pia kikorogeo cha sumaku: kikiwa na mikwaruzo au madoa ya zambarau, kitupwe au kitengwe. Chupa moja na kikorogeo kimoja vitengwe kwa dhahabu tu na vifungiwe kabatini, maana katika maabara yenye watu wengi bika safi haina mwenyewe.

Usafi wa kina hufanywa kwa mchanganyiko wa asidi ya haidrokloriki sehemu 3 na asidi ya nitriki sehemu 1, ambao huyeyusha dhahabu yenyewe. Onyo: mchanganyiko huu hutoa gesi za klorini na nyinginezo zenye sumu. Hutengenezwa kidogo kidogo, siku ileile ya kutumika, ndani ya kabati la kuvuta moshi linalofanya kazi, na mtumiaji akiwa na miwani, aproni na glovu zinazohimili asidi. Haufungwi kwenye chupa yenye kifuniko, kwa sababu shinikizo hupanda na chupa hupasuka. Haukutanishwi na asetoni wala alkoholi ya kukaushia vyombo. Ikiwa kabati la moshi halivuti, au umeme unakatika mara kwa mara siku hiyo, acha kabisa na umwite msimamizi wa usalama wa maabara. Kwa maoni ya mwandishi, maabara isiyo na kabati la uhakika inunue vioo vipya vya kazi hii badala ya kujaribu usafi huo dirishani.

Maji na vyombo vikiwa safi, tazama uwiano. Kwa vipimo vya Frens, mililita 50 za myeyusho wa dhahabu wa asilimia 0.01 zikipewa mililita 1 ya sitrati ya asilimia 1 hutoa chembe za karibu nanomita 16, na zikipewa nusu mililita hutoa za karibu nanomita 41. Ukipunguza zaidi, chembe huwa kubwa na zisizolingana, na rangi huelekea zambarau bila kushikamana kokote. Sitrati imiminwe kwa mara moja, si tone kwa tone.

Dalili: jana ilikuwa nyekundu, leo ni zambarau

Uliza kwanza kama iliganda. Dhahabu ya sitrati iliyowekwa kwenye friza, au iliyosukumwa hadi ukuta wa nyuma wa friji ambako barafu hujijenga, hushikamana moja kwa moja na hairudi. Mahali pake ni karibu na nyuzi 4, mbali na ukuta huo, ndani ya kioo kilichofungwa. Sababu nyingine ni pipeti iliyotoka kwenye bafa (myeyusho wenye chumvi unaotuliza pH) ikaingizwa kwenye chupa kuu. Mimina kiasi unachohitaji pembeni, na kilichobaki kisirudishwe.

Dalili: inageuka bluu mara tu kingamwili inapoongezwa

Sababu ya kwanza ni chumvi iliyokuja na kingamwili. Kingamwili nyingi huuzwa ndani ya bafa ya fosfati ambayo maabara huiita PBS, yenye kloridi ya sodiamu karibu milimola 137 kwa lita, na mara nyingine azidi ya sodiamu kama kihifadhi. Kiasi hicho cha chumvi kinatosha kuporomosha koloidi kabla protini haijapata nafasi ya kuzivika chembe. Badilisha bafa kwa kuchuja au kwa utando wa dialisisi, ukitumia bafa hafifu isiyo na chumvi nyingi. Onyo: azidi ni sumu kali, haikutanishwi na asidi, wala haimwagwi kwenye sinki lenye mabomba ya shaba au risasi, kwa kuwa hujenga humo misombo inayolipuka. Pia huua seli na kuzuia kimeng'enya cha peroksidesi, jambo linaloeleza matokeo mengi ya ajabu huko mbele.

Sababu ya pili ni pH. Kingamwili hushika vizuri zaidi pH ya koloidi inapokuwa juu kidogo ya nukta ambapo protini haina chaji, na kwa kingamwili nyingi hilo huangukia kati ya 8 na 9. Rekebisha kwa matone ya kaboneti ya potasiamu, na pima kwa karatasi ya pH. Elektrodi ya mita ya pH isizamishwe kwenye dhahabu isiyo na kinga: chembe hushikamana juu yake, kisha elektrodi na koloidi huharibika pamoja. Anayetaka namba ya mita achukue kijisehemu pembeni, akikinge kwa protini kwanza, kisha apime.

Sababu ya tatu ni kipimo cha protini kuwa kidogo mno. Jaribio la chumvi linatosha kulithibitisha. Gawa koloidi iliyorekebishwa pH katika tyubu za nusu mililita, ongeza kingamwili kwa kiasi kinachopanda kutoka sifuri, subiri dakika 10, kisha ongeza mikrolita 50 za kloridi ya sodiamu ya asilimia 10 katika kila tyubu. Baada ya dakika nyingine 10, tyubu zenye protini pungufu zitakuwa za bluu na zile zenye kutosha zitabaki nyekundu. Chukua kiasi kidogo kuliko vyote kilichobakiza wekundu, ongeza kama asilimia 10 hadi 20 juu yake, kisha kamilisha kwa albumini ya ng'ombe ili kuziba nafasi zilizobaki. Jaribio hili hutumia protini kidogo sana, na kulikwepa ni ubahili usio na faida. Lirudie kwa kila toleo jipya la kingamwili, hata likitoka kwa muuzaji yuleyule.

Ikiwa rangi inabaki nyekundu wakati wote lakini chembe hazirudi kutawanyika baada ya sentrifuji, umezizungusha kwa nguvu mno. Chembe za nanomita 40 hazihitaji nguvu inayohitajiwa na zile za nanomita 15. Mashine ikitetemeka au kutoa harufu, izime na umwite fundi wa vifaa tiba. Rota iliyochoka haitengenezwi na mwanafunzi.

Dalili: utepe hauonyeshi mistari, au unaonyesha usiopaswa kuwepo

Mstari wa udhibiti usipotokea, utepe ni batili, na hakuna kinachosomwa juu yake. Tazama dhahabu iko wapi. Ikiwa imebaki kwenye pedi yake kama doa jekundu, haikuachiliwa: ama sukrosi ya kukaushia ilikosekana, ama unyevu uliingia ukaibandika. Katika hewa ya Dar es Salaam, hasa kati ya Machi na Mei, utepe ulioachwa mezani huvuta unyevu haraka. Ukaushaji, ukataji na ufungaji vifanywe katika chumba chenye kikausha hewa, na kila utepe uingie kwenye mfuko wa karatasi ya alumini pamoja na kipakiti cha silika ya kunyonya unyevu. Kiyoyozi peke yake hakitoshi kama mlango unafunguliwa kila mara. Upande wa pili wa jambo hilo ni utando wa nitroselulosi uliokaushwa kupita kiasi, ambao hukataa kulowana, na sampuli ikapanda kwa uvivu au kwa upande mmoja.

Ikiwa dhahabu ilipita ukanda wote lakini mstari wa kipimo haukutokea kwa sampuli unayojua ni chanya, shuku kwanza kiasi kidogo cha sampuli au muda wa kusoma, kisha joto la hifadhi. Halafu fikiria kuzidi kwa antijeni, yaani molekuli zinazotafutwa na kipimo: zikiwa nyingi kupita kiasi, hujaza kingamwili za pande zote mbili na mstari hufifia, hivyo zimua sampuli mara kumi na urudie. Kwa malaria kuna sababu nyingine isiyo ya maabara. Vipimo vingi vya utepe hutafuta protini ya HRP2 ya Plasmodium falciparum, na vimelea vilivyopoteza jeni lake vimeripotiwa katika nchi kadhaa, zikiwemo Peru na Eritrea. Damu ya mgonjwa mwenye vimelea hivyo itaonyesha vimelea kwenye darubini huku utepe ukisema hapana. Kinyume chake pia hutokea: HRP2 hubaki kwenye damu kwa majuma baada ya mgonjwa kupona, na mstari chanya wakati huo si kosa la dhahabu yako.

Mstari hafifu kwenye sampuli hasi mara nyingi hutokana na kinga isiyotosha ya albumini, au na utepe uliosomwa baada ya muda wake kupita.

Onyo: utepe uliotengenezwa maabara ya utafiti hautumiki kuamua tiba ya mtu, hata kama mtu huyo ni mwenzako mwenye homa na anaomba kwa utani. Mpeleke kituo cha afya akapimwe kwa kipimo kilichosajiliwa. Kipimo kinachokusudiwa kufika kwa wagonjwa huenda kwanza kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, na damu za watu kwa ajili ya utafiti hazichukuliwi bila kibali cha maadili.

Dalili: mashine mbili zinatoa ukubwa tofauti

Kwa kawaida zote ziko sahihi. Darubini ya elektroni huona kiini cha dhahabu. Mashine ya mtawanyiko wa mwanga hupima chembe pamoja na koti lake la protini na maji yanayosafiri nalo, kwa hiyo namba yake huwa kubwa. Tofauti ikiwa ya mamia ya nanomita, shuku vumbi. Mwanga unaotawanywa huongezeka kwa kipeo cha sita cha kipenyo, hivyo punje moja yenye upana mara kumi hung'aa kama chembe milioni. Chuja bafa na ufunike kyuveti.

Dalili: seli zinakufa, na haijulikani kama ni kwa sababu ya dhahabu

Kwa fimbo nano za dhahabu, mshukiwa wa kwanza ni setiltrimethilamoniamu bromidi, au CTAB, inayotumika kuzikuza. Ni sumu kwa seli ikiwa huru, na hubaki baada ya uoshaji hafifu. Katika chumba chenye kiyoyozi cha nyuzi 20 hujitenga kama fuwele nyeupe, na wengi huzihesabu kuwa chembe zilizoharibika. Pasha chupa hadi nyuzi 30, na zikiyeyuka ilikuwa CTAB. Zisikupite kwenye sentrifuji zikiwa fuwele, kwa sababu zitatua pamoja na fimbo.

Ukaguzi wa lazima ni kuzipa seli nyingine kimiminika cha juu kilichobaki baada ya sentrifuji, bila chembe. Zikifa vilevile, dhahabu haina kosa. Baada ya hapo tazama kipimo chenyewe: rangi ya MTT, kipimo cha uhai wa seli, husomwa karibu na nanomita 570, si mbali na mahali dhahabu inapofyonza mwanga, na chembe zilizobaki kwenye kisima (kitundu cha sahani ya seli) huongeza namba na kuzifanya seli zilizokufa zionekane hai. Weka visima vyenye chembe bila seli na uondoe thamani yake. Ikiwa seli za kinga zinawaka uvimbe bila kufa, pima endotoksini ya bakteria kabla ya kuandika neno lolote kuhusu dhahabu.

Chembe zilizokaushwa kuwa unga zisipimwe mezani palipo na feni; zipimwe ndani ya kabati lililofungwa, au zisikaushwe kabisa. Mabaki ya dhahabu, CTAB na asidi yakusanywe katika chupa tofauti zenye lebo, na chupa zikijaa msimamizi wa maabara awasiliane na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali kuhusu namna ya kuyateketeza. Chupa ya dhahabu isichanganywe na nyingine, kwa kuwa dhahabu iliyomo inaweza kurejeshwa na mtaalamu.